Swichi za Chini

Jumatatu, 19 Septemba 1994

Leo nimeanza kazi, kama kubeba ngazi ni kazi.

Chuo kimetutaka sisi wanafunzi wa umeme wa mwaka wa tatu tukae muhula mzima kazini ndipo turudi darasani kumalizia. Wenzangu wa Dar wamekwenda viwandani Morogoro na Tanga. Mimi, Gwiza, mzaliwa wa Karagwe, nikasema nakwenda Kigali, mji ambao marehemu baba aliuzungumzia kila jioni hadi akafa bila kuuona tena. Mkuu wa idara alinitazama juu ya miwani akaniuliza kama Kigali kuna umeme. Nikamjibu kwamba ndiyo maana nakwenda.

Juzi basi letu lilivuka daraja la Rusumo mchana. Upande wa Ngara vilima vyote ni mahema ya watu waliokimbia Rwanda, na sisi ndio tunaingia. Hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Kampuni ya mafundi umeme iliyonipokea iko Muhima, chumba kimoja nyuma ya ghala la sabuni. Mwenye kampuni ni injinia Nkusi, aliyekulia Uganda, na ndiye atakayenipima: akisema nimefaulu, nitaingia mwaka wa nne, na akisema sikufaulu, nitarudia mwaka mzima kama nitapata wa kunilipia. Fundi wetu ni Armel, Mnyarwanda wa Bujumbura. Ananiita Stagiaire, yaani mwanagenzi, kana kwamba ndilo jina nililobatizwa.

Jumatano, 21 Septemba

Mvua. Nimebeba ngazi.

Jumapili, 25 Septemba

Ninakaa Gisimenti, sehemu ya Remera, kwa shangazi Scovia, dada yake baba. Ukimbizi uliwatupa mbalimbali, baba Karagwe, yeye Mbarara, na walionana mara chache mno. Lakini baba alipofariki ni yeye aliyenilipia karo, kwa kuuza ndizi na baadaye ng'ombe wake wa mwisho. Mumewe aliuawa vitani Byumba. Ana watoto watatu wadogo ambao hawajui kunyamaza.

Nyumba ni nzuri kuliko zote alizowahi kuishi. Aliingia Julai, akaikuta wazi. Getini mtu ameandika kwa mkaa, kwa herufi kubwa, YARAFASHWE, yaani imekwisha chukuliwa. Mtaa mzima una maandishi hayo. Nilimuuliza ni nyumba ya nani. Akasema ni ya waliokimbia. Nikamuuliza kama ana hakika. Akaniuliza kama chuoni hufundishwa kula kwanza au kuuliza kwanza. Nikala.

Jumanne, 4 Oktoba

Umeme umefika mtaani kwetu. Tuliufungua nguzoni mimi na Armel, kisha tukapita nyumba kwa nyumba kukagua. Watu walipiga vigelegele. Bibi mmoja alinibusu mikono yenye grisi, na nikiri kwamba nilijisikia mtu.

Nyumba yetu ndiyo kituko. Swichi zote za ndani ziko chini, hazifiki hata kiunoni mwangu. Sebuleni, vyumbani, jikoni, hadi bafuni. Hata ndoano za taulo ziko huko huko chini. Mafundi wengine sijui walifundishwa na nani. Armel alisema labda alikuwa amelewa urwagwa, pombe ya ndizi, siku hiyo. Nikasema mtu halewi vyumba vyote.

Watoto wa shangazi wamegundua raha mpya. Washa, zima, washa, zima.

Jumamosi, 8 Oktoba

Balbu tatu zimeungua kwa michezo ya watoto, na shangazi ameomba swichi zipandishwe. Kitabuni kwetu pia swichi hukaa juu, kimo cha bega. Kwa hiyo leo mimi na Armel tumefanya kazi safi. Visanduku vya zamani hatukuving'oa. Tuliunga waya humo humo ndani, tukavuta juu hadi kwenye visanduku vipya, tukaziba vile vya chini kwa saruji, tukapaka chokaa. Ndoano nazo tulizing'oa. Sasa ukuta ni kama haukuwahi kuguswa.

Ukuta kuzunguka swichi za zamani ulikuwa mweusi kwa alama za vidole. Nilimwambia Armel kwamba waliokaa humu walikuwa wachafu. Akacheka.

Alhamisi, 13 Oktoba

Injinia Nkusi ameisifu kazi yangu mbele ya wote. Amesema niiweke kwenye ripoti ya chuo: kasoro iliyogunduliwa na mwanafunzi, na namna alivyoirekebisha. Nimeanza kuandika. Nikipata alama ya juu kabisa sitashangaa.

Ijumaa, 21 Oktoba

Mvua. Mwaka huu Kigali nzima inapaka chokaa. Kila nyumba tunayoingia kuna ndoo na brashi, na hakuna anayekueleza anafunika nini.

Jumatatu, 31 Oktoba

Leo tulikuwa Batsinda. Armel alikula bila kunitania, jambo ambalo si kawaida yake. Mwishowe akasema anawaogopa waliobaki nchini wakati wa mauaji wakapona. Sikuelewa kwa nini awaogope watu waliokonda vile. Akasema hawaogopi wao, anaogopa kwamba siku moja mmoja wao atabisha hodi katika nyumba anayokaa.

Nikamwambia mimi sina wasiwasi, yetu ni ya waliokimbia. Alinimegea kipande cha muhogo.

Jumatano, 9 Novemba

Mvua, ngazi, mvua.

Jumatano, 16 Novemba

Sijui niandike vipi, na nisipoandika sitalala.

Nilirudi mapema kwa sababu ya mvua. Shangazi na watoto walikuwa kwenye misa ya marehemu huko Remera. Umeme ulikuwa umekatika na ndani kulianza kuingia kiza. Mwanamke mmoja alisimama getini, kichwa amekifunga kitambaa, kovu limetoka chini ya kitambaa hadi sikioni. Sikumpa miaka zaidi ya arobaini na tano. Nilidhani anaomba maji. Alinisemesha Kiswahili, kwa kuwa siku hizi wenye nyumba za Kigali ni wageni na haijulikani nani anajua nini.

"Madame, mvua iko mingi," alisema. "Nisimame hapa kwa baraza kidogo?"

Nikamwambia aingie ndani kabisa. Alivua viatu mlangoni. Alipotia mguu sebuleni, mkono wake wa kulia ulikwenda nyuma ya mlango, chini, kwenye ukuta mtupu. Ukapapasa. Ukashuka kidogo, ukapanda kidogo, ukapapasa tena. Hakuwa anatazama, mkono ulikwenda wenyewe.

Mimi, mjinga, nikasema, "Swichi iko huku juu, mama."

Akauondoa mkono kama aliyeungua. Nilimpa maji katika kikombe cha bluu. Alikitazama sana kile kikombe kabla ya kunywa. Mvua ilipopungua akasema asante, akavaa viatu akaenda zake.

Mahali alipopapasa ni pale pale nilipoziba.

Ijumaa, 18 Novemba

Nimemwambia shangazi. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa. Amesema ataandika getini upya, kwa rangi safari hii. Nikasema mwenye nyumba amekuja, hajakimbia popote, yu hai. Ndipo akainua kichwa.

Akaniuliza kwa upole kama najua mumewe amezikwa wapi. Nikasema sijui. Akasema hata yeye hajui, na kwamba mtu akimwonyesha kaburi hilo atampa ufunguo wa nyumba hii siku hiyo hiyo. Miaka thelathini na zaidi kwenye nyasi za watu, akasema, wanetu wanaitwa wageni hadi shuleni. Nampenda shangazi yangu, na leo nimemwonea huruma na kumchukia kwa wakati mmoja.

Jumatatu, 21 Novemba

Yule mwanamke anaitwa Daphrose. Leo amekuja na konseye wa sekta, yaani diwani wetu, mzee Mutsinzi, na nusu ya mtaa ikawafuata.

Konseye ana utaratibu wake unaojulikana Remera yote. Karatasi za watu ziliungua, majirani wa zamani hawapo. Kwa hiyo anayedai nyumba husimama nje ya geti akaieleza kwa ndani, ndipo konseye aingie kutazama. Akipatia mambo ambayo mpita njia hawezi kuyajua, nyumba ni yake.

Daphrose alisema vyumba vinne na parachichi nyuma. Shangazi akasema hayo huonekana juu ya ukuta. Daphrose akataja sakafu nyekundu. Shangazi akasema Kigali yote ina sakafu nyekundu. Watu wakacheka kidogo. Ndipo Daphrose akasema kwamba swichi zote za ndani ziko chini, mtu aliyeketi sakafuni anazifikia.

Binti yake Joselyne aliugua polio na alikuwa akitembea kwa mikono, akaeleza. Aliogopa giza. Baba yake, ambaye alikuwa mwalimu na hakuwa fundi, alizishusha mwenyewe moja moja wakati wa likizo. "Alisema mtoto wake hatangoja mtu wa kumwashia taa," alisema Daphrose. Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayetaja mtaa anakoishi.

Kwa hiyo zile alama za vidole zilikuwa za Joselyne.

Konseye aliingia. Nilimsikia akitembea ndani chumba kwa chumba. Alipotoka alimtazama Daphrose kwa masikitiko, akasema swichi ziko juu, zote. Sasa watu hawakucheka, walianza kunong'ona kwamba ni tapeli, kwamba wako wengi siku hizi.

Shangazi hakutosheka na ushindi. Akamuuliza swali ambalo sisi tuliotoka nje tunawauliza waliobaki, na ambalo nimelisikia baani na kanisani.

"Wewe ulipona namna gani, wenzako wote walipokufa?"

Daphrose alikaza fundo la kitambaa chake. "Nilikuwa chini yao," akasema.

Konseye akampa hadi Alhamisi alete shahidi mmoja. Shahidi alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni, ameshikwa mkono na shangazi yake, na hakusema kitu. Injinia Nkusi alikuwa ng'ambo ya barabara, amekuja kuangalia.

Jumanne, 22 Novemba

Mvua. Sikula.

Jumatano, 23 Novemba

Nkusi aliniita ofisini akanipa chai yenye maziwa. Alisema ripoti yangu ni nzuri sana, ila ile sehemu ya swichi haina haja, niitoe. Alisema pia kwamba yeye naye anakaa nyumba aliyoikuta wazi, mtaa wa nyuma, na ukifungua geti moja utafungua yote. Halafu akanikumbusha kwamba alama zangu hajaziandika bado. Alisema hivyo akitabasamu, na chai ilikuwa tamu.

Armel nilimkuta anasokota waya. Nikamwomba tuseme pamoja kesho, maana tindo na nyundo tulishika wote wawili.

"Stagiaire, we utarudi Dar," akasema. "Mi niko na batoto babiri, na patron wa kazi ni ule ule. Sikuona kitu."

Sina ujasiri wa kumlaumu. Jumatatu hata mimi sikuona kitu.

Jioni shangazi aliniletea chakula chumbani, ndizi kwa karanga, pishi alilojifunza kwa mama yangu Karagwe ile mara moja aliyokuja kututembelea. Akaketi kitandani. Hakuniomba chochote, alinisuka nywele tu, kama alivyonisuka safari ile nilipokuwa mdogo. Angenitukana ningelala usingizi. Tuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Nilikuwa nikiufikiria wakati vidole vyake viko kichwani mwangu, na wageni ni sisi.

Alhamisi, 24 Novemba

Nimefanya.

Daphrose alikuja peke yake, bila shahidi. Konseye akauliza mara mbili kama kuna shahidi. Shangazi alikuwa tayari anamshukuru kwa kazi nzuri. Mimi nikaingia ndani, nikachukua nyundo na tindo kwenye mfuko wa kazi, nikamwomba konseye anifuate sebuleni. Nilisema, "Shahidi ni mimi, nilizipandisha mwenyewe," lakini sauti ilitoka ndogo na nadhani hawakunisikia. Kwa hiyo nilipiga.

Chokaa ilianguka kwanza, kisha saruji. Naijua saruji ile, nilikoroga kwa mkono wangu. Kisanduku cha zamani kikaonekana, na ndani yake waya zangu zimeungwa na kufungwa utepe mwekundu wa Armel. Konseye akachuchumaa akaingiza kidole. Nikaenda chumba cha kwanza nikapiga, cha pili nikapiga. Katika chumba cha mwisho cha nyuma, chokaa ilibanduka kipande kikubwa kuliko nilivyokusudia, na pale chini ya kisanduku zikatokea zile alama nyeusi za vidole, vidogo, vingi, kimoja juu ya kingine. Konseye akasema inatosha. Nikapiga tena mara moja, kisha nikaacha.

Daphrose alikuwa amebaki nje getini. Aliambiwa matokeo na watu wengine.

Shangazi amepewa wiki mbili ahame. Hakupiga kelele. Alikusanya watoto wake waliokuwa wanalia kwa sababu ya vumbi, akaniambia asante ya punda ni mateke, na kwamba kuanzia leo kaka yake alikufa bila mtoto. Kisha akachukua ufagio akaanza kufagia vile vipande nilivyoangusha, maana ndivyo alivyo, hawezi kuacha uchafu sakafuni.

Jumamosi, 26 Novemba

Niko Muhima, nimepewa mkeka na Donatille, dada yake Armel. Armel ndiye aliyeniombea. Hatuzungumzi juu ya lile jambo, lakini jana aliibeba ngazi mwenyewe.

Nilipita Gisimenti. Wanawake wawili niliowaunganishia taa, mmoja wao yule wa kunibusu mikono, waliingia ndani waliponiona.

Ijumaa, 2 Desemba

Nkusi ameandika alama zangu. Amesema mimi ni fundi hodari lakini siwezi kufanya kazi na watu, kwa hiyo sikufaulu. Nitarudia mwaka. Aliniambia ana kwa ana, na hilo namheshimu nalo. Nilimuuliza nani atanilipia mwaka huo. Akasema labda yule mama niliyempa nyumba.

Hasira yangu si juu ya alama. Nina hasira kwa sababu nilitegemea, baada ya kusema ukweli, kwamba kungekuwa na mtu mmoja ambaye angefurahi.

Jumatano, 7 Desemba

Shangazi amehama leo. Nimeambiwa amekwenda Kicukiro, chumba kimoja, wanalala wanne. Nilimtumia sukari na sabuni kwa mkono wa Donatille. Vimerudi.

Jumapili, 11 Desemba

Kesho asubuhi nashika basi la Rusumo. Leo mchana mtoto mmoja alitumwa Muhima kuniambia kwamba yule mama wa Gisimenti ananitaka na vyombo vyangu vya kazi.

Nilikwenda. Maandishi ya mkaa getini yalikuwa yamesuguliwa lakini bado yanasomeka. Ndani hamna kitu ila godoro, jiko na kile kikombe cha bluu. Kuta zina matundu yangu, hakuna aliyeyaziba. Nilianza kumwomba radhi, maneno niliyoyapanga njia nzima kutoka Muhima. Akanikatiza.

"Usingoje nikushukuru," alisema, sasa kwa Kinyarwanda, kile cha mtu na jirani yake. "Miezi miwili umekula kwenye meza yangu. Na mtoto wangu ulimpaka chokaa."

Nikasema ndiyo.

Akanionyesha ukuta. Anataka swichi zirudi chini, zote, kama zilivyokuwa. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna tena anayezihitaji, na nashukuru sikumwambia. Nilifanya kazi hadi saa kumi na mbili. Nilivua swichi za juu, nikashusha waya, nikaziba matundu ya juu kwa saruji. Alikuwa ananitazama muda wote, na mara moja tu alinisogezea maji. Hakuna wa kunipima kazi ile, na sijawahi kufanya safi kuliko ile. Chokaa sikupaka, alikataa.

Kiza kilipoanza kuingia nilimwambia ajaribu ya sebuleni. Hakuinama kama nilivyotazamia. Alikaa sakafuni nyuma ya mlango, akaikunja miguu upande kama miguu isiyofanya kazi, akanyoosha mkono bila kutazama. Taa ikawaka. Akaizima. Akaiwasha tena.

Nilikusanya nyundo na tindo. Akaniambia nivute mlango nikitoka, yeye atakaa hapo chini kidogo.